Ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri wa sayansi za jamii: nimwandikieje mwanajopo wa fani nyingine?

Swali (Mhadhiri wa Sosholojia)

Wanataaluma wenzangu, salaam. Chuo ninachofundisha kimetangaza ufadhili wa utafiti kwa wahadhiri wa sayansi za jamii na tabia ya binadamu. Atakayechaguliwa atapunguziwa vipindi kwa mwaka mmoja wa masomo, atapewa fungu dogo la fedha, na atahudhuria semina ya kila wiki pamoja na watafiti wa fani nyingine. Nimekwisha kukusanya mahojiano juu ya namna ndugu wa tumbo moja wanavyogawana jukumu la kuwatunza wazazi waliozeeka, lakini kwa sababu ya ufundishaji, usahihishaji na usimamizi wa tasnifu, mahojiano hayo yamekaa tu bila kuchambuliwa. Jopo lina wachumi, wanasaikolojia na wanasayansi ya siasa. Niandikeje ili utafiti wa mahojiano usionekane dhaifu mbele ya watu waliozoea takwimu? Aidha, mkuu wangu wa idara ananiunga mkono kwa maneno, ila hajamtaja atakayefundisha vipindi vyangu. Je, hilo laweza kuniharibia?

Jibu (Mwanasaikolojia, mjumbe wa zamani wa jopo)

Ndugu mhadhiri, ufadhili wa aina hii kwa hakika hutoa muda kuliko fedha, kwa hiyo mwanajopo hujiuliza kwanza ni kazi gani itakayofanyika mwaka huo ambayo isingewezekana katikati ya ufundishaji. Wewe jibu unalo: data ipo, kilichokosekana ni nafasi ya kuichambua. Liseme hilo katika aya ya kwanza, kwani waombaji wengi hujaza kurasa kwa umuhimu wa mada, na mpango wa kazi huachiwa mistari michache ya mwisho.

Sentensi kama "utafiti huu utachangia uelewa wa matunzo ya wazee" haimpi msomaji kitu cha kushika. Afadhali uandike hivi: "Anayeishi karibu na wazazi hubeba kazi za kila siku, ilhali anayetuma fedha ndiye mwenye kauli ya mwisho; ninachunguza ni lini mgawanyo huu hukubalika na ni lini huzua ugomvi." Mchumi ataona humo majadiliano ya rasilimali, mimi nitaona hisia ya haki, na mwanasayansi ya siasa ataona mamlaka. Kisha eleza ulivyowachagua wahojiwa, utakavyoyawekea mahojiano misimbo (yaani alama fupi za kupanga kauli kufuatana na mada), iwapo mtu wa pili atasoma sehemu yake bila kuona misimbo yako, na ni ushahidi gani ukiupata utakulazimu uyaache matarajio yako. Ukilijibu hilo la mwisho kwa uwazi, suala la udhaifu wa mahojiano halitakusumbua.

Jibu (Mhadhiri Mwandamizi, Uchumi)

Nakubaliana na mwenzangu, isipokuwa nakusihi usiugeuze utafiti wako uwe nusu uchumi ili utupendeze. Mwaka 1958 Thomas Kuhn, aliyesomea fizikia kabla ya kuhamia historia ya sayansi, alikwenda kukaa mwaka mmoja katika kituo cha utafiti wa sayansi za tabia kilichopo Stanford, California, kilichoanzishwa mwaka 1954 kwa fedha za Ford Foundation. Huko alishangazwa na jinsi wanasayansi ya jamii walivyotofautiana juu ya maswali na mbinu zinazostahili kuitwa za kisayansi, na mshangao huo ulichangia kumfikisha kwenye dhana yake ya paradaimu, yaani mfano wa kazi unaokubaliwa na wanasayansi wa fani moja na kuongoza maswali na mbinu zao. Semina ya fani mchanganyiko huzaa matunda pale kila mmoja anapokuja na fani yake kamili.

Kuhusu mkuu wa idara, naam, laweza kukuharibia. Omba barua inayotaja vipindi vitakavyoondolewa na nani atavifundisha, la sivyo utapewa ufadhili huku bado unasahihisha mitihani. Ikiwa hakuna mtu, uliza kama fungu la ufadhili linaruhusu kumlipa mhadhiri wa muda.

Jibu (Mjumbe wa kamati ya maadili ya utafiti)

Niongeze jambo ambalo halijaguswa. Zirejee fomu za ridhaa walizosaini wahojiwa wako. Kama ziliahidi kwamba mahojiano yatasomwa na wewe peke yako, huwezi kuyapeleka semina wala kumpa msomaji wa pili kabla ya kuomba marekebisho ya idhini. Kubadilisha majina hakutoshi, kwa kuwa ndugu husomana: dada akiisoma kauli ya kaka yake kuhusu fedha za dawa za mama, atamtambua mara moja. Peleka ombi la marekebisho sasa, usisubiri matokeo ya jopo, kwa sababu kamati ina ratiba yake na mwaka wako wa utafiti utakuwa umeanza kuhesabiwa.