Mjadala wa mageuko Kisumu: nimelipa 200 nipigwe hesabu nusu

Wadau, leo mnivumilie, nimekasirika. Jumamosi nimepanda boda kutoka Kondele hadi ukumbi fulani hapa mjini, shilingi 200 mlangoni, kusikiliza kama kasi ya mabadiliko ya vinasaba inaunga mkono nadharia ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kidogo kidogo vizazi hadi vizazi.

Mpinzani wa nadharia akaanza kwa kishindo: kila kizazi, hubadilika herufi moja tu ya DNA, yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, kati ya milioni 80 hivi. "Kwa mwendo huo wa kobe, mtafika lini?" Makofi! Sasa, kiwango chenyewe ni sawa. Ujanja uko kwenye alichonyamazia. Mtoto ana herufi bilioni 6 hivi, kwa hiyo huzaliwa na mabadiliko mapya kama 70. Duniani huzaliwa watoto wapatao milioni 130 kwa mwaka. Zidisheni wenyewe. Ni zaidi ya bilioni 9, mwaka mmoja tu! Kobe gani huyo?

Halafu akasema mabadiliko yote ni ugonjwa, "tazameni selimundu," ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Kando yangu alikaa mama na binti yake mwenye selimundu, chupa ya maji mapajani. Mama akainamisha kichwa, akaanza kukunja leso yake, kunja, kunjua. Yaani mtu anataja selimundu huku ziwani bila kutaja malaria? Mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Gilgil, alilieleza hilo tangu 1954. Ni herufi moja tu, A imekuwa T. Ukiirithi kwa mzazi mmoja, malaria kali haikupati kirahisi. Kwa wote wawili, unaugua. Ndiyo maana wabebaji ni wengi kandokando ya ziwa na Pwani, wachache nyanda za juu.

Nilinyoosha mkono mara tatu. Nilipopewa maikrofoni nikafika "lakini malaria...", ikazimwa. Muda umeisha, eti. Wa kuuza vitabu vyao mlangoni haukuisha.

Na mwalimu wa upande wa pili naye asijifiche. Kazi yake ilikuwa "imeshathibitishwa, kasomeni." Kasi pekee haithibitishi kitu, mwalimu. Inaonyesha malighafi ipo. Anayechuja ni uteuzi wa asili, yaani wenye badiliko linalowafaa huishi na kuzaa zaidi, na hilo hukuligusa hata kwa dakika moja.

Nasikia mwezi ujao wanakwenda Nakuru. Mlio huko, bebeni kikokotoo. Nanyi waandaaji, najua mnasoma hapa: mtafuteni yule mama mumwombe radhi kwanza. 200 yangu baadaye, lakini naitaka.