Saundibaa ya 5.1 kwa kompyuta ya gemu: optiko au HDMI?

ShelaGemu
Wakuu, salaam. Nataka saundibaa ya kuunga kwenye kompyuta ya gemu, sauti inizunguke. Nimebaki na mbili. Moja ni Sony HT-S20R, 5.1 (spika tano na sabufa moja), spika za nyuma ni za waya. Nyingine ni 3.1.2 ya Dolby Atmos, ile ya kuleta sauti hadi juu ya kichwa, bei yake karibu mara mbili. Jumamosi nalipa. Nichukue ipi, na niunge kwa waya gani?

fundi_sauti
Kaka, hujasema kitu bado. Kompyuta ina tundu la optiko nyuma, lile la waya wa mwanga? Unatumia monita au TV? Kadi ya michoro gani? Hiyo ya Atmos ina HDMI ngapi, na kila moja imeandikwa nini? Halafu hiyo Shela ya jina lako ni ya Malindi au ya Lamu? Hilo la mwisho si udaku, lina maana yake.

ShelaGemu
Shela ya Malindi. Monita ya 144 Hz. Kadi RTX 3060, HDMI moja na DisplayPort tatu. Optiko sijui, niko kazini.

kebo_ndefu
Optiko, mambo yameisha. Haibebi umeme, haina mlio, waya mwembamba unapita popote. S20R inaipokea. Chomeka, cheza.

fundi_sauti
Hiyo "chomeka, cheza" ndiyo inayowaponza watu. Optiko inabeba PCM, yaani sauti mbichi isiyobanwa, ya njia mbili (kushoto na kulia), au 5.1 iliyobanwa kwa Dolby Digital au DTS. Basi. Filamu huja imeshabanwa, kwa hiyo inapita. Gemu inatengeneza njia zake sita papo hapo, mbichi, na njia sita za biti 24 kwa 48 kHz ni kama megabiti 6.9 kwa sekunde. Optiko ya saundibaa haipokei hiyo. Utapata stereo, na spika za nyuma zitanyamaza au zitarudia za mbele.

Ili zipite, kompyuta yenyewe izibane kwa Dolby Digital Live au DTS Connect. Mothabodi chache zinayo. Kuangalia: bonyeza Windows+R, andika mmsys.cpl, fungua tundu la dijitali, ingia "Advanced", tazama orodha ya fomati. Ukiona Dolby Digital Live, una bahati. Usidanganywe na ukurasa wa "Supported Formats". Ile alama ya Dolby Digital pale ni ya kupitisha filamu, haibani gemu.

Ukikosa, kuna kadi za sauti zinazobana, kama Sound Blaster AE-5 Plus ya PCIe. Jumlisha bei yake na ya S20R kabla hujaiita rahisi.

BintiMuyeye
Na kubana kunachelewesha. Fremu moja ya Dolby Digital ni sampuli 1536, yaani milisekunde 32 kwa 48 kHz, na saundibaa haijaanza kuifungua. Gemu ya mpira hutajua. Ya kulenga shabaha, utasikia risasi baada ya kufa.

kebo_ndefu
Basi achukue ya Atmos, atoe HDMI kwenye kadi mpaka tundu la eARC.

BintiMuyeye
Hapo ndipo wengi wanapokwama. ARC na eARC ni njia ya sauti kurudi kutoka kwa TV kuja saundibaa. Tundu hilo kwa upande wa picha ni la kutoa, si la kuingiza. Ukichomeka kadi ya michoro hapo, kimya. S20R ina HDMI moja tu nayo ni ya ARC, kwa hiyo bila TV katikati HDMI yake haikufai. Na visanduku vile vya kutoa sauti kwenye HDMI kwenda optiko havibani chochote, unarudi kwenye stereo.

Tafuta lililoandikwa HDMI IN. Ukilipata, monita ibaki DisplayPort, HDMI ya kadi iingie IN. Picha usiipitishe ndani ya saundibaa, nyingi zinaishia 4K kwa 60 Hz na 144 yako itabaki jina.

Windows itaiona saundibaa kama skrini ya pili. Usiizime, ukiizima na sauti imekwenda. Bonyeza Windows+P, chagua "Extend", ishushe ukubwa hadi wa chini kabisa, kisha kwenye ule mchoro wa skrini iburute mpaka igusane na monita kona kwa kona tu. Ukiiacha ubavuni, mshale wa kipanya utakuwa unapotelea huko katikati ya mechi.

Rudi mmsys.cpl, chagua saundibaa, "Configure", 5.1, bonyeza spika moja moja usikilize. Ikikupa stereo peke yake, haipokei PCM ya njia nyingi. Hapo weka programu ya Dolby Access. Atmos ya saundibaa kwa HDMI haina malipo, ya hedifoni ndiyo inayolipiwa. Na ndani ya gemu toa "Headphones", weka spika.

mzee_wa_wufa
Mnamchosha kijana. AUX ya milimita 3.5, wufa zuri, starehe. Miaka yote watu wameishi.

fundi_sauti
AUX ni stereo, mzee wangu, yeye anataka 5.1. Na AUX ina shida yake. Iko mashine moja Langoni, Lamu, iliungwa hivyo hivyo. Kompyuta kwenye soketi yenye eathi, saundibaa imeungwa pia na TV, na TV ina waya wa dishi ulioshika chuma cha paa. Mlio mmoja mzito wa 50 Hz usiku na mchana, na ukisogeza kipanya, kamlio kengine kembamba juu yake. Saundibaa ikabadilishwa. Waya ukabadilishwa mara mbili. Mlio uko pale pale.

Sababu ni eathi mbili zisizolingana, moja ya ukutani na moja ya dishi, na kiunganishi chao ni ule waya wa AUX. Mkondo unapita kwenye ganda lake, spika zinaukuza. Aliyeitwa kurekebisha akakata pini ya eathi ya kompyuta. Mlio ukapungua kweli, lakini kasha likaanza kuuma vidole, kwa sababu kapasita za kichujio ndani ya pawa zinalitia kasha karibu nusu ya volti 240 ikiwa eathi haipo. Waya wa dishi ulipochomolewa tu, kimya. Pini ikarudishwa, optiko ikawekwa, nayo haikutoa sauti mpaka ilipogunduliwa kuwa kile kifuniko kidogo cha plastiki, cheupe kama maji, hakikutolewa kwenye ncha.

kebo_ndefu
Si nilisema optiko?

kaa_chonjo
Mimi nakata pini kila siku, sijawahi kuona mtu ameumwa.

BintiMuyeye
Wewe kaa_chonjo, kaa chonjo kweli. Pini ya eathi haikatwi.

fundi_sauti
Sasa kwa nini niliuliza Shela ipi. 3.1.2 maana yake tatu mbele, sabufa moja, mbili zinazopiga juu. Nyuma yako hakuna kitu. Zile za juu zinataka dari tambarare na ngumu, kimo cha kama mita 2.3 hadi 4.3, sauti igonge irudi kichwani. Nyumba ya mawe ya Lamu ina dari ya boriti, haiko sawasawa lakini ni ngumu, inarudisha kidogo. Malindi je? Ikiwa ni makuti, yameinama na yanameza, hiyo ".2" unainunulia makuti.

mzee_wa_wufa
Shela yenyewe ni ya Lamu. Hiyo ya Malindi ni jina la kuazima.

kaa_chonjo
Tumeanza.

ShelaGemu
Nimefika nyumbani. Nyuma kuna tundu la mraba, nikiinua kifuniko lina mwanga mwekundu. Kwenye orodha ya fomati hakuna Dolby Digital Live. Ya Atmos nimepigia duka, wanasema ina HDMI mbili, hawajui zimeandikwa nini. Paa ni makuti.

BintiMuyeye
Wakupigie picha ya nyuma. IN ikiwepo, chukua hiyo, hata makuti yakila zile za juu.

fundi_sauti
Mimi nasema S20R pamoja na kadi ya kubana. Spika za nyuma ni spika za nyuma. Pima kwa kamba kwanza, waya zake zinaanzia kwenye sabufa, zizunguke ukuta mpaka nyuma ya kiti.

BintiMuyeye
Na ucheleweshaji?

mzee_wa_wufa
Makuti yenyewe yana dari ya mbao chini yake, au wazi?

ShelaGemu
Nusu nusu.