Naomba ushauri: maji machafu ya kiwanda cha juisi

Habari zenu wakuu. Nina kiwanda kidogo cha juisi ya embe na nanasi hapa Mabatini, Mwanza. Maji ya kuoshea matunda na mapipa yanaingia mtaroni, kutoka hapo Mto Mirongo, kisha ziwani. Sasa kuna hoteli inataka uthibitisho kwamba sichafui mazingira ndipo isaini mkataba. Maganda si shida, mfuga nguruwe anayagombania. Nilichimba shimo la kunyonya maji, wiki mbili tu likajaa povu jeupe, linanuka kama pombe ya kienyeji; jirani hata salamu haitikii.

Maji haya ya sukari yanasafishwaje kwa gharama ndogo? Mtambo wa biogesi utayaweza? Na nianzie NEMC (baraza la taifa la mazingira) au mamlaka ya maji?