Anayetutumia matangazo kwa imeili atulipe au vipi?

Wadau wa Arusha na Moshi, tujadili hili. Mimi nipo kampuni ya utalii hapa Sakina, imeili ya ofisi iko kwenye tovuti kila mtu anaiona, sasa asubuhi ukifungua ni "tutaipandisha kampuni yako iwe ya kwanza Google", mikopo, mtu anakuuzia orodha ya wateja, halafu katikati humo kuna Mjerumani anaulizia bei ya kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Lemosho siku 8 na usipomjibu leo anaenda kwa jirani. Kwa huyo wa matangazo kutuma imeili milioni ni karibu bure, bando na muda ni wangu. Basi alipie, hata shilingi 100 kwa kila moja, na hela ije kwangu ninayesoma. Bill Gates mwenyewe aliongelea mambo ya mtumaji kulipa, kwenye mkutano wa uchumi wa Davos 2004, akasema spamu (hizi imeili za matangazo usizoziomba) itaisha ndani ya miaka miwili (bado tunasubiri 😂)

— Mdau wa Moshi:
Kulipia sawa, ila hela kuja kwa msomaji napinga kabisa kaka. Ukimlipa mtu asome hasomi, anavuna tu. Marekani kulikuwa na AllAdvantage, 1999 hiyo, wanakulipa senti 50 kwa saa matangazo yakae kwenye skrini yako, watu wakatengeneza vijiprogramu vya kuchezesha mausi wenyewe wamelala, 2001 kampuni kwisha. Huku kwetu je? Dogo mmoja atafungua imeili arobaini ashinde anabonyeza. Na wale wa lipwa-kwa-kuangalia-matangazo tunawajua, weka kwanza hela yako ndo uanze kulipwa, ukiamka app haifunguki.

— Mleta mada:
Sijasema iwe ajira dada. Hela inashikiliwa tu, akiwa mteja wa kweli siichukui, akiwa msumbufu nakula. Hata Gates alimaanisha hivyo.

— Mdau wa Ngarenaro:
Mnaongea kama hao jamaa wanatumia mashine zao. Spamu nyingi inatoka kwenye kompyuta za watu zilizoshikwa na virusi, mwenyewe hana habari, kwa hiyo bili inamwangukia mama wa steshenari pale Mbuyuni. Mimi naona tumbane anayeuza hizo orodha za imeili zetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na Tume yake ipo, unaweza kumzuia mtu kutumia taarifa zako kwa matangazo.

— Mleta mada:
Mwuzaji akiwa nje ya nchi Tume inamfuata wapi mkuu? Ila la mama wa steshenari limenibana, mwenye jibu alete.