Naombeni msaada: G7sus4 mbona kwangu inakwaruza?

Wakuu, habari za jioni. Napiga kinanda kwaya ya kigangoni, mwaka wa pili huu, msingi wangu ni solfa (do, re, mi). Jumapili nililetewa wimbo, mwishoni kabla ya kurudi C pameandikwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya G7sus4. Nikashika G7 yangu ya kila siku, G B D F, nikaongeza C. Ikakwaruza hadi mwalimu wa kwaya akageuka. Nimekosea wapi?

TenaWaNyuma: Pole mkuu. Tatizo ni hiyo B. Ile 4 ya sus4 ni noti ya nne, inahesabiwa kutoka G: G, A, B, C. Hiyo C inakaa mahali pa B, haiji kuongezeka. Unabaki na G C D F, yaani so, do, re, fa. B na C zimeachana nusu toni tu, ukizibonyeza pamoja lazima zigombane.

Mleta uzi: Asante. Sasa kwa nini tuitoe B wakati ndiyo inayoturudisha nyumbani?

MwalimuSolfa: Umeuliza la maana. Chukua kwaya yako. Wote mko kwenye C, sauti ya pili wanaimba do. Besi wanakwenda so, wengine wanafuata, sauti ya pili bado wameshikilia do. Pigo linalofuata ndipo wanashuka ti, yaani B. Kule kuchelewa kwao ndiyo sus: noti ya kodi iliyopita imening'inia. Ndani ya G7, B na F zimeachana toni tatu, na mvutano wao ndio unaosukuma kwenda C. B ikikosekana, msukumo unalegea, sikio linasubiri. Piga G7sus4 mapigo mawili, G7 mawili, kisha C. Kati ya zile mbili za kwanza kinasogea kidole kimoja tu.

MkonoWaKushoto: Njia ya mkato: kushoto G, kulia kodi ya F (F A C). Hiyo ni G9sus4, A ndiyo noti ya tisa kutoka G. Wapiga gospo wanaipenda mno. Halafu si lazima B ije kabisa. Msikilize mpiga piano wa jazz Herbie Hancock kwenye kibao chake Maiden Voyage cha 1965, kodi za namna hii zinafuatana tu, hakuna inayoshuka. Ila kwaya ni kwaya: kama karatasi ina ti, wape B yao.

Mleta uzi: Nimejaribu sasa hivi, sauti chini maana watoto wamelala. C ikishuka B, kifua kinafunguka! Nimetazama na mstari wa sauti ya pili: wameandikiwa do, halafu ti.