Nifunge vipi dosye za diski D, watoto wabaki na filamu zao?

Mama wa Kadutu
Jamboni ndugu zangu. Hapa nyumbani Bukavu tuko na kompyuta moja, Windows 10 Famille, na wote wanaingia kwa jina langu: watoto pamoja na shemeji yangu mdogo. Kwenye diski D kuna hesabu za AVEC yetu, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, maana mimi ndiye mwandishi, na karatasi za parseli (kiwanja) nilizoskani. Kijana mmoja alikuja akaificha D, kweli haionekani tena. Lakini mwanangu akiandika D: pale juu kwenye mstari wa anwani, yote yanafunguka. Hizo ni pesa za wamama wenzangu, nataka pafungwe kabisa. Ila dosye ya filamu iko hukohuko D, hiyo waendelee kuiona.

Fundi wa Nguba
Mama, kuficha si kufunga. Kwanza weka neno la siri kwenye jina lako. Halafu ingia "Paramètres", "Comptes", uwafungulie wengine jina lao, libaki "Utilisateur standard". Wakibaki "Administrateur", kazi yote ni bure.

D nzima usiiguse. Bofya kulia kwenye dosye ya AVEC: "Propriétés", "Sécurité", "Avancé", "Désactiver l'héritage", uchague "Convertir". Ongeza jina lako na "Contrôle total", kisha ondoa "Utilisateurs" na "Utilisateurs authentifiés". "Système" na "Administrateurs" viache. Na tafadhali sana, usitumie "Refuser": wewe pia umo ndani ya "Utilisateurs", na katazo linashinda ruhusa. Utajifungia nje.

Mama wa Kadutu
Aksanti. Mbona "Sécurité" siioni?

Fundi wa Nguba
Basi D imepangwa kwa FAT32 au exFAT, mipangilio ya diski isiyobeba ruhusa; inayozibeba ni NTFS. Kopisha kwanza kila kitu pembeni. Kama ni FAT32, fungua "Invite de commandes" kama administrateur, uandike convert D: /fs:ntfs, faili zinabaki palepale. exFAT haikubali, hiyo ni kuiformati upya kwa NTFS na kurudisha vitu.

Yaya wa Ibanda
Naongeza moja. Ruhusa hizo zinalindwa na Windows ya mashini hiyo. Mtu akichomoa diski na kuipachika kwenye mashini yake, anasoma vizuri tu. Kwa pesa za watu ningetumia VeraCrypt, ni ya bure. Inatengeneza faili moja iliyosimbwa, unaifungua kwa neno la siri kama diski nyingine. Ukilisahau hilo neno, hakuna wa kukufungulia, basi uliandike kwenye karatasi na uifungie sandukuni. Na kwa hivi kura (umeme) inavyokatika, weka kopi nyingine kwenye kle USB, nayo iwe imesimbwa.

Mama wa Kadutu
Ilikuwa FAT32, sasa imekubali. Mtoto akibofya AVEC anaambiwa hana ruhusa, ila kuna kitufe cha "Continuer" kinachoomba neno langu la siri.

Fundi wa Nguba
Usiliandike hapo hata siku moja, hata kama uko na haraka. Ukiliandika, Windows inalipa jina la mtoto ruhusa ya kudumu kwenye ile dosye, haitaomba tena. Ukitaka hesabu zako, toka kwenye jina la watoto uingie kwa lako.