Chumba cha mita 3.2 kwa 2.8 hapa Lubumbashi: nianzeje kujenga reli ndogo ya Katanga?

Mkaaji wa Kampemba ameuliza:

Ndugu wapenzi wa reli, nawasalimu nyote kwa heshima.

Kijana wetu wa kwanza amehamia Kolwezi kwa masomo, na chumba chake kimebaki bila mtu. Mama watoto amenikubalia nikitumie kujengea reli ya mfano, ila ameweka masharti mawili: kitanda kibaki mahali pake, kwa kuwa mama mkwe hututembelea mara kwa mara kutoka Likasi, na kuta zisitobolewe ovyo. Chumba kina urefu wa mita 3.2 na upana wa mita 2.8. Mlango uko kwenye kona na hufungukia ndani, dirisha liko ukuta wa mbele yake, na kitanda cha mtu mmoja kimeegemea ukuta mmoja mrefu.

Ninachotaka kuonyesha ni reli yetu wenyewe. Vijiji vya Ujerumani na milima ya Uswisi vinauzwa tayari ndani ya maboksi, na ni vizuri, lakini si kwetu. Nataka kuona treni ya madini ikitoka upande wa Likasi chini ya nyaya za umeme, ikipita kwenye miombo na vichuguu vikubwa vya mchwa, kisha ikiingia Lubumbashi, ambako mabehewa yatatenganishwa na kupangwa upya. Mdogo wangu anayeishi Ubelgiji yuko tayari kuniletea reli na injini mbili atakapokuja mwishoni mwa mwaka, lakini ananiuliza anunue za kipimo gani, nami sina jibu. Wengi husifu HO, ambayo ni 1 kwa 87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli. Wengine husema chumba kidogo kinataka N, ambayo ni 1 kwa 160. Je, nichague ipi? Je, nifunge tu ubao mmoja wa multiplex (plaiwudi) wa mita 2.44 kwa 1.22 na kuuweka kama meza? Na umeme unapokatika jioni, ambayo ndiyo saa yangu ya kupumzika, nifanyeje?

Seremala wa Katuba amejibu:

Papa, pokea salamu zangu. Swali la meza nitalijibu mimi, kwa sababu ndilo linalohusu mbao.

Achana na meza. Ubao wa upana wa mita 1.22 ukiegemezwa ukutani, mkono hauwezi kufika nyuma yake, maana mtu wa kawaida hufikia vizuri sentimita 60, na akijinyoosha sana 70. Treni hupenda kuanguka kule kule usikofika. Ukiuweka ubao mbali na ukuta ili uuzunguke, kitanda kikiwemo, hutabaki na nafasi ya kusimama. Jenga rafu nyembamba inayofuata kuta, nawe usimame katikati ya chumba ukiwa umezungukwa na reli. Chumba chako kina mzunguko wa mita 12, na hakuna meza itakayokupa njia ndefu hivyo.

Rafu iwe na kina cha sentimita 45 upande wa stesheni na sentimita 30 tu juu ya kitanda. Kuhusu kimo, fikiria mama mkwe: mtu aliyeketi kwenye godoro huinua kichwa hadi karibu mita 1.40 kutoka sakafuni. Weka rafu juu kidogo ya hapo, na mzee wetu ataamka asubuhi bila kujigonga. Ukisimama utaiona treni karibu usawa wa macho, na hivyo ndivyo inavyopendeza, kwa sababu tumezoea kuitazama treni tukiwa tumesimama kando ya njia. Ni nadra kuiona kutoka juu.

Tumia multiplex ya milimita 12 juu ya vishikio vya chuma vilivyofungwa ukutani kila baada ya sentimita 60 hivi. Matundu ni machache, na mbao haigusi sakafu, kwa hiyo mchwa akipanda ataonekana mapema kwenye ukuta au kwenye chuma. Paka vanishi pande zote mbili za ubao pamoja na kingo zake, kabla ya kulaza reli. Ubao uliopakwa upande mmoja tu hunywa unyevu wa masika kwa upande mwingine, halafu kiangazi kikifika mwezi wa tano unapinda, na reli zinapinda pamoja nao.

Mwalimu wa Hesabu amejibu:

Nakubaliana na ndugu Seremala. Sasa tuje kwenye kipimo, ambapo watu wengi huamua kwa kutazama bei peke yake.

Reli ya Katanga ilitufikia kutoka kusini. Iliingia Sakania mwaka 1909 na kufika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ikiwa mwendelezo wa reli za Rhodesia. Ndiyo maana upana kati ya reli mbili ni milimita 1,067, ilhali reli nyingi za Ulaya zina milimita 1,435. Reli za HO zina upana wa milimita 16.5, na zimepigiwa hesabu kwa ule upana wa Ulaya. Ukiweka treni yetu ya 1 kwa 87 juu yake, itaonekana imetanua miguu kuliko ilivyo.

Lakini gawanya 1,067 kwa 64: unapata milimita 16.7, karibu sawa kabisa na upana wa reli za HO. Maana yake ni kwamba mdogo wako anaweza kununua reli na injini za HO, ambazo zinapatikana kila mahali Ulaya, nawe ukabakiza magurudumu na mota, kisha ukajenga mwili wa injini na mabehewa kwa kipimo cha 1 kwa 64. Wapenzi wa reli wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao nchi zao zina upana kama wetu, wamekuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu. Njia ya pili ni kutumia reli za N, zenye upana wa milimita 9, na kujenga kwa kipimo cha 1 kwa 120. 1,067 ukigawanya kwa 120 ni milimita 8.9. Baadhi ya Wajapani, ambao pia wana reli za milimita 1,067, hutumia hesabu hiyo.

Tupime ndani ya chumba chako. Behewa la mita 12 litakuwa na sentimita 19 kwa 1 kwa 64, na sentimita 10 kwa 1 kwa 120. Kona inapaswa kuwa na nusu kipenyo kisichopungua mara tatu ya urefu wa behewa refu kuliko yote, yaani sentimita 60 kwa kipimo cha kwanza na kama 30 kwa cha pili. Kwenye ukuta wa mita 3.2, kona mbili za sentimita 60 zikiondolewa, unabaki na mita 2 zilizonyooka kwa ajili ya stesheni. Hapo injini moja na mabehewa matano ya 1 kwa 64 yatakaa bila kubanana.

Mimi ningechagua 1 kwa 64, kwa sababu hakuna anayeuza mabehewa yetu na itabidi uyatengeneze kwa mikono yako. Katika mji ambao watoto hupinda waya na kutengeneza magari yenye usukani unaozunguka, hutakosa kijana wa kukusaidia.

Mpenzi wa Treni Ndefu, Ruashi, amejibu:

Mwalimu wangu, hesabu yako ni sahihi, ila hitimisho naomba nilipinge kwa heshima. Treni ya madini yenye mabehewa matano haijawa treni ya madini. Uzuri wake ni urefu: unaona kichwa kinaingia kwenye kona, na mkia bado uko nyuma ya miti. Kwa 1 kwa 120, injini na mabehewa kumi yanachukua mita 1.13 tu, na kona za sentimita 35 zinaacha mita 2.5 zilizonyooka kwenye ukuta ule ule. Papa ametaja kwanza treni inayosafiri, ndipo akataja kupanga mabehewa. Kazi ya kujenga vitu vidogo inahitaji macho mazuri na subira, sikatai, lakini chumba ni kidogo na njia ya Likasi ni ndefu.

Mstaafu wa Reli amejibu:

Wanangu, nimefanya kazi stesheni kwa muda mrefu, na nimefurahi kuona vijana wanajadili upana wa reli kwa makini namna hii.

Papa wa Kampemba, amua kwanza utakuwa unafanya nini jioni ukiingia chumbani. Kama ni kutazama treni ikizunguka huku unapumzika, fuata kijana wa Ruashi. Kama ni kupanga mabehewa, kusukuma hili kwenye njia ya tatu, kulitoa lile la mafuta na kulifunga nyuma ya la shaba, basi chukua 1 kwa 64, kwa sababu vifungio vya mabehewa vinashikika na macho ya mzee yanaona. Maelezo yako yanaishia kwenye kupanga mabehewa. Nami nadhani moyo wako uko hapo.

Stesheni isizidi njia tatu na swichi nne za kubadilishia njia. Njia moja ya kupita, moja ya kuzungushia injini kutoka kichwa hadi mkia, na moja iliyokufa mwisho kwa ajili ya mizigo. Watu hujaza reli mpaka hakuna mahali pa kuweka udongo. Upande wa kitanda usiweke stesheni. Weka njia moja tu, miombo na vichuguu. Kichuguu cha mita 5 ni sentimita 8 kwa 1 kwa 64, na kikikaa karibu na njia, kila mtu wa Katanga atajua yuko wapi kabla hajaona bendera.

Nyaya za juu ni lazima, kwa kuwa sehemu ya Jadotville, ndiyo Likasi, hadi Tenke ilianza kutumia umeme mwaka 1952, na sisi tunajivunia hilo. Nguzo zitengeneze kwa waya mzito wa shaba, ukizilehemu moja moja kwenye kibao chenye misumari ili zote zilingane. Nyaya hizo zisibebe umeme. Injini ipate umeme wake chini, kwenye reli. Bomba la moshi la kiwanda cha shaba cha hapa Lubumbashi lina mita 153, ambazo kwa kipimo hicho ni zaidi ya mita 2.3, kwa hiyo halisimami juu ya rafu. Lichore kwenye ubao wa nyuma, dogo na la mbali, pamoja na mlima wa taka za kiwanda ubavuni mwake. Tafadhali usichukue mavumbi ya mlima ule wenyewe na kuyaingiza nyumbani, kwani yana metali ambazo hazifai kuvutwa puani, tena katika chumba anacholala mtu.

Mkaaji wa Kampemba amerudi:

Asanteni sana. Mzee amenisoma vizuri: nachukua 1 kwa 64 juu ya reli za HO, na nimeshamwandikia mdogo wangu. Ndugu wa Ruashi, hoja ya urefu imenigusa, na kwa ajili hiyo nataka treni iweze kuzunguka chumba chote wageni wanapokuja. Tatizo ni mlango. Rafu itapitaje hapo? Na bado sijajibiwa kuhusu umeme.

Fundi Umeme wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi) amejibu:

Yaya, yaani kaka yangu mkubwa, mambo haya mawili yanaenda pamoja. Mbele ya mlango weka daraja la kuondoa: kipande cha multiplex cha upana wa sentimita 15, kinachokaa juu ya vikingio viwili na kubanwa kwa komeo ndogo za shaba kila upande, zile za kufungia milango ya kabati. Kila mwisho wa daraja uwe na komeo mbili, moja kwa kila reli. Lehemu waya kwenye kila komeo, ili ikisukumwa mahali pake ishike daraja na wakati huo huo ipitishe umeme. Kisha fanya hivi: mita moja ya reli kabla ya daraja, kila upande, itengwe na ipate umeme kupitia komeo hizo peke yake. Daraja likiondolewa, mita hiyo inakufa, na treni inasimama yenyewe kabla ya kufika ukingoni. Rafu yako iko juu ya mita 1.40, kwa hiyo usiruke hatua hii.

Kuhusu kukatika kwa umeme, una bahati, kwa sababu treni hizi hutumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC). Betri ndogo ya volti 12, inayochajiwa na paneli ya jua au na chaja ya nyumbani umeme unaporudi, inatosha: injini moja ya kisasa hutumia chini ya ampea 1, kwa hiyo betri ya ampea-saa 7 itakuvusha jioni nzima. Weka fyuzi ya ampea 2 karibu kabisa na betri, kwa kuwa gurudumu likianguka na kuunganisha reli mbili, betri itamwaga mkondo mkubwa wa kuyeyusha plastiki. Ukipata kirekebisha mwendo cha mota za volti 12, chenye kubadili mwelekeo, ndicho hicho.

Chini ya rafu tandika nyaya mbili za milimita mraba 1.5 kuzunguka chumba, na kutoka kwake peleka kijiwaya kwenye kila kipande cha reli. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme; vumbi letu jekundu la kiangazi litaingia humo. Unapolehemu kijiwaya, kwangua ubavu wa nje wa reli mpaka ung'ae, weka waya, gusa kwa chuma cha kulehemu sekunde mbili au tatu, kisha ondoa haraka, maana mataruma ya plastiki huyeyuka upesi. Acha mwanya wa nusu milimita kwenye viungio, halafu pitisha ukucha juu yake: ukikwama, gurudumu nalo litakwama, na tupa ndogo itamaliza kazi.

Kusafisha reli, tumia kitambaa chenye spiriti ya dawa, kamwe si msasa, kwani mikwaruzo yake hushika uchafu zaidi. Na udongo wa kupambia, kabla ya kuumwaga kati ya mataruma, uchuje kwa kitambaa chembamba na upitishe sumaku mara kadhaa. Udongo wetu una chembe za chuma, na mota ya injini ni sumaku inayozivuta zote tumboni mwake. Mwambie mdogo wako aongeze viungio vya plastiki visivyopitisha umeme, pakiti moja, kwa ajili ya zile mita mbili za kando ya daraja.